Sindano Sitini, Ng'ambo ya Mto

Sista wa kliniki yetu hapa upande wa Ikutha akimpata mama mwenye mtoto mchanga na kile kikohozi, humpa dawa halafu humwambia, "Pitia kwa Mama Mwikali, nyumba ya mabati baada ya kinu." Basi wanakuja. Wanakaa kwenye benchi yangu wamejifunika mdomo na leso, macho chini, kana kwamba wameiba. Mimi si daktari na sina la daktari la kuwaambia. Nawawekea chai, naketi karibu nao makusudi, nawasimulia haya. Sasa nimechoka kuyarudia, ndiyo maana nimeyaandika. Na nikisema kitu kibaya juu ya mtu, ajue nilisema nikiwa mgonjwa.

Mwikali nilimzaa mwezi wa saba, mwaka wa ile njaa tuliyoiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa sababu hata aliyekuwa na pesa mkononi hakupata chakula dukani. Tulikula mahindi ya manjano. Ng'ombe wote wanne wa boma letu walikuwa wamekufa, na wa majirani pia. Hilo la ng'ombe likumbuke, kwa maana ndilo lililonitisha kuliko kikohozi chenyewe: katika vijiji vyote nilivyovijua, maziwa ya mtoto wangu yalikuwa kifuani mwangu tu.

Kikohozi kilianza kabla sijajifungua. Wanawake wakasema ni baridi ya mimba. Nilipojifungua kikazidi, wakasema ni baridi ya uzazi, wakanipa supu ya kichwa cha mbuzi. Supu niliipenda sana. Lakini jasho lilinitoka mpaka kitanda kinalowa, na pete ya ndoa ikaanza kunivuka nikifua nepi. Mume wangu, Musyoka, alikuwa karani wa ghala huko Mombasa na hakuyaona. Siku nilipotema damu juu ya nepi safi niliyoifua kwa maji ya kuchimba mchangani, nilikasirika kwanza kwa ajili ya nepi. Hofu ilikuja baadaye.

Kliniki wakanipa kikopo nitemee asubuhi tatu. Baada ya wiki daktari akaniita ndani. Alikuwa kijana, mpole, hakuzunguka. "Ni TB, mama. Utapona. Lakini ni sindano kila siku, siku sitini, halafu vidonge mwaka mzima."

"Na mtoto?"

"Mnyonyeshe. Ufunike mdomo ukimnyonyesha, na yeye tutampa dawa yake ya kusaga. Maziwa yako hayana neno."

Sista aliyekuwa nyuma yake, mwanamke mnene wa sauti kubwa, akaongeza lile lililokuja kunikosesha raha miezi miwili. "Sikiliza, dada. Ukikosa siku moja, nitakugombeza. Ukikosa mbili zinazofuatana, nakuandikia wodi ya kifua, kule mbali, ukadungwe ukiwa kitandani. Na wodi ile mtoto haingii."

Nikahesabu haraka. Mtoto wa miezi miwili, bila ng'ombe, bila mbuzi wa maziwa, bila mama. Nikajua maana yake. 

Kutoka kwetu mpaka kliniki ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima, na katikati kuna mto wa mchanga, unaokauka karibu mwaka mzima. Siku za kwanza majirani wawili walinisindikiza wakipokezana mtoto. Ilipofika sindano ya nane, habari ilikuwa imewafikia. Mmoja akawa na shamba la kupalilia, ingawa hakukuwa na mvua wala magugu. Mwingine hakujisumbua kutafuta sababu. Sikuwalaumu sana. Kule kliniki kwenyewe sisi wa kifua tuliwekewa benchi yetu nje, mwisho kabisa wa ukuta, na mtu akikosea akaketi pale, alipojua aliinuka akijipangusa nguo. Aliyebaki kuketi nami ni mama mmoja Msomali, mumewe mnunuzi wa mbuzi, naye akikohoa kama mimi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu kilikuwa kidogo, tukaongea kwa watoto: yeye anamshika wangu vidole, mimi namcheka wake.

Siku ya sindano ya kumi nilianguka njiani. Sikuzimia, miguu tu ilikataa. Nikaketi chini na mtoto mapajani, jua la saa sita, nikalia kwa sauti kwa sababu nilidhani niko peke yangu. Nilipoinua macho nikaona mtu amesimama mbali kwenye kilima, na mbuzi wawili madume. Alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Kilonzo. Akanitazama, akageuka, akaenda na mbuzi wake. Nikamtukana moyoni, Mungu anisamehe.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wasichana wa siku hizi wanacheka. Kwetu kuna nthoni. Ni heshima na haya pamoja. Mke wa mtu na baba mkwe wake hawagusani hata mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Nikimwona njiani nilitoka kando mpaka apite. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu katika boma lake, na hajawahi kunitamkia jina. Alikuwa mjane. Mkewe, Mwikali mkubwa, alikufa mwaka mmoja kabla ya harusi yetu, na mtoto wangu alipewa jina lake, kama desturi inavyotaka kwa msichana wa kwanza. Na kwetu hilo si jina tu. Mzee akimwona mtoto alisema, "Kiveti kyakwa," mke wangu, na kumwuliza kama amelala vizuri. Mtoto hakuwa na nthoni na mtu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama langoni pa boma, amenipa mgongo, amevaa koti lake la jeshi la zamani, fimbo mkononi. Akasema kwa sauti, akiwaambia miba ya ua, "Mke wangu awekwe juu ya lile jiwe."

Kulikuwa na jiwe pana pale langoni, tulilolitumia kuanikia nafaka. Nikamlaza mtoto juu yake, nikarudi nyuma. Akaja akamchukua, akamtia ndani ya koti, akatangulia. Mimi nikafuata hatua thelathini nyuma. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kliniki, sindano ya kumi na moja mpaka mwisho.

Mtoto akilia njaa, mzee alimweka juu ya jiwe au gogo, akaenda mbele ya kichaka akatazama kule. Nami naja, nafunga leso mdomoni, nanyonyesha. Ishara ya kwamba nimemaliza ilikuwa nikohoe, na kikohozi hakikukosekana. Tulipotaka kusemezana, tulimtuma mtoto.

"Mke wangu, mwambie mama yako jua ni kali, apumzike."

"Mwikali, mwambie umau, babu yako, nikikaa sitainuka."

"Mke wangu, mwambie mama yako ana kichwa kigumu."

"Mwambie alikiona wakati wa posa, na hakusema kitu."

Nikasikia koti likitikisika kwa kicheko. Sijui kama nilitenda dhambi, lakini nilicheka pia, mara ya kwanza tangu kujifungua.

Usidhani ilikuwa mchezo. Kufikia sindano ya thelathini matako yalikuwa mawe matupu, sista anatafuta pa kudunga hapati. Masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma, na nikigeuka haraka dunia inaenda upande. Nywele zikatoka kwa kitana. Musyoka alikuja mwisho wa mwezi kwa siku tatu. Aliniletea sukari na nguo za mtoto, kisha akaweka kiti chake mlangoni, mguu mmoja nje. Aliongea nami kutoka pale siku zote tatu. Nimemsamehe, tumezaa wengine wanne, lakini kile kiti sijakisahau.

Kisha akasema lililokuwa limemleta. Dada yake wa Mombasa alikuwa tayari kumchukua mtoto na kumlea kwa maziwa ya kopo mpaka nipone.

"Yeye mwenyewe ana watoto sita," nikasema.

"Mtoto atakufa hapa, Ndanu. Mtazame."

Na kweli alikuwa mwembamba. Kliniki walimpima kwenye ile mizani ya kuning'inia, na mstari wa kadi yake ulikuwa umelala wiki mbili, haupandi.  Kutoka nje ya ukuta sauti ikasema, "Mke wangu, mwambie yule kijana wangu kwamba hujapanga safari."  Musyoka akarudi Mombasa bila mtoto. Lakini mimi sikulala vizuri, kwa maana mzee na mimi tulikuwa tumeahidi kitu ambacho hatukuwa na uwezo nacho. Maziwa yangu yalikuwa machache. Nilikula mahindi ya manjano kwa nguvu, nikanywa uji mpaka unanipanda kooni, nikamweka mtoto titini kila jiwe la njiani. Sindano ya arobaini na tatu mstari ukainuka kidogo. Sista akaniambia nimwonyeshe yule mzee wa nje. Nikaiweka kadi juu ya benchi, nikarudi nyuma. Hajui kusoma, lakini mstari aliuelewa. Akaushika kwa kidole muda mrefu.

Halafu mvua ikanyesha.

Watu walitoka nje wakiimba, na walikuwa na haki, tulikuwa tumengoja miaka miwili. Mimi peke yangu nililia. Mto ulijaa siku ya sindano ya hamsini na tatu. Tulifika ukingoni tukakuta maji ya kahawia kutoka ukingo mpaka ukingo, miti inapita. Tukakaa mpaka saa tisa, tukarudi. Hiyo ilikuwa siku moja iliyokosekana.

Kesho yake tulitoka mapema. Maji yalikuwa yamepungua lakini bado yanakwenda kwa nguvu. Kulikuwa na watu sita hivi ukingoni, wanangoja. Mwanamume mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo, maji yalimfika kiunoni. Alisema mchanga chini unatembea. Wazee wawili wakamwambia Mzee Kilonzo, "Ngoja, kesho mto utakuwa umekauka." Nami nilijua kesho ni siku ya tatu, na karatasi ya wodi itakuwa imeandikwa.

Mzee alisimama akitazama maji. Mtoto alikuwa ndani ya koti, kichwa tu nje. Akaanza kumwambia polepole, na mimi nilikuwa karibu kuliko kawaida, nikasikia. "Mke wangu, mwaka ule ulikuwa unakohoa hivi hivi. Tulifika hapa hapa. Nikakuambia tungoje maji yapungue." Akapima kina kwa fimbo. "Safari hii hatungoji."

Sikuwa najua. Musyoka aliniambia mama yake alikufa kwa homa.

Akavua koti, akaomba leso. Nikaiweka juu ya jiwe. Akamfunga mtoto mgongoni juu kabisa, karibu na shingo, kama mwanamke, na wale watu wakatazama pembeni kwa aibu. Kisha akaingia majini, akanyoosha fimbo nyuma bila kugeuka. Nikaelewa. Nikashika ncha ya fimbo, naye ameshika kichwa cha ile fimbo. Kati ya mkono wake na wangu kulikuwa na urefu wa fimbo, na nthoni yetu yote ilikuwa juu ya kile kijiti.

Maji yalikuwa baridi. Yakafika magotini, mapajani. Nilikuwa namtazama mtoto tu, ile leso ya maua mekundu, namwambia moyoni asianguke, asianguke. Katikati ya mto masikio yakaanza. Dunia ikaenda upande kama kawaida yake, lakini safari hii hapakuwa na ardhi ya kuketi. Mchanga ukaondoka chini ya mguu wa kushoto. Nikaiachilia fimbo.

Nilimeza maji. Nakumbuka nilifikiri, maziwa ya nani sasa. Kisha kitu kikanikamata kifundo cha mkono, kikaniminya mpaka mfupa, na sauti ikasema, "Ndanu. Nishike. Nishike mimi."

Nikamshika. Nilimshika mkono, kisha bega, nikamng'ang'ania kiuno kama mtoto. Tukatoka ng'ambo hivyo, mzee na mke wa mwanawe wamekumbatiana mbele ya watu, mtoto analia juu ya vichwa vyetu. Fimbo ilikwenda na maji. Tulipofika mchanga mkavu aliniachilia mara moja, akaenda mbali akanipa mgongo.  Nami nilikuwa natetemeka zaidi kwa haya kuliko kwa baridi, na huo ndio ujinga wa binadamu.

Sista aliona nimelowa mpaka kichwani. Hakugomba. Alinipa gauni kavu la wodi, akadunga, akaandika.

Kurudi, maji yalikuwa chini ya magoti na kila mtu alivuka peke yake. Mzee hakumtuma mtoto neno lolote, njia nzima. Alimlaza juu ya jiwe la langoni akaenda.

Asubuhi iliyofuata sikumkuta langoni.

Nikangoja. Jua likapanda. Nikasema moyoni, imekwisha. Amevunja nthoni, aibu imemwelemea, na nimebakiwa na sindano saba na miguu isiyoweza kumbeba mtoto hata nusu ya njia. Nikamfunga Mwikali mgongoni. Nilifika mpaka mti wa kwanza, nikaketi. Nikajaribu tena, nikafika wa pili. Nikaanza kumkasirikia, halafu mkewe marehemu, halafu Musyoka na kiti chake, halafu yule aliyetunga nthoni, kama kuna aliyeitunga.

Hapo nikamwona anakuja kutoka upande wa pili, upande wa nyumba za wazee wa ukoo. Alikuwa anatembea haraka, fimbo mpya mkononi, bado ina maganda ya kijani. Nyuma yake hakukuwa na mbuzi wawili. Kulikuwa na mmoja. Akasimama mahali pake pa hatua thelathini, akatazama kichaka.

"Mke wangu," akamwambia mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu, "mwambie mama yako mbuzi ameliwa. Wazee wamekula, wamekubali. Mvua haijaisha, na sindano hazijaisha. Mto ukijaa, tutashikana, na hakuna mtu atakayesema kitu."

 Nikamfungua mtoto, nikamweka chini kwenye nyasi, nikarudi nyuma. Akamchukua, tukaenda. Alikuwa na mbuzi wawili tu duniani, baada ya njaa ile.

Wewe unayesoma ukiwa na kikopo cha makohozi mkononi, sitakudanganya kwamba utapata mtu kama huyu. Wengine hawapati. Lakini watazame vizuri wale ambao desturi imewakataza kukusogelea. Huenda mmoja wao amesimama kilimani, anatafuta njia. Na uende kila siku. Hata kama umekasirika, nenda umekasirika.

Mto haukujaa tena. Mvua ilinyesha, mahindi yakaota mpaka kwenye mapaa ya nyasi, lakini maji ya mtoni hayakupita vifundo vya miguu. Siku ya sindano ya sitini sista alinikumbatia mbele ya benchi zote, ya nje na ya ndani. Mwikali alipimwa, na mstari wake ulikuwa umepanda mpaka ukaingia mahali pake.

Tukirudi, tulikuta mto umeshakauka, mchanga mtupu, mweupe, na punda wa watu wanachimbiwa maji pembeni. Mzee alitangulia na mtoto kama kawaida. Katikati ya mto akasimama. Nikasimama pia, hatua thelathini nyuma. Hakusogea. Nikangoja amtume mtoto, hakumtuma. Nikasogea, hatua ishirini, kumi, mpaka nikawa karibu naye, na bado ametazama mbele.

"Mbuzi wangu hawezi kuliwa bure," akasema.

Akanyoosha mkono. Nikaushika, tukavuka mchanga mkavu mpaka ng'ambo.